Kiharusi: namna ya kukitambua, kumwahisha mgonjwa na kujikinga mapema

Kiharusi hutokea pale sehemu ya ubongo inapokosa damu ghafla, ama kwa sababu mshipa umezibwa na bonge la damu, ama kwa sababu mshipa umepasuka na damu ikavujia ndani ya kichwa. Aina ya kwanza ndiyo inayowapata watu wengi zaidi, ingawa katika nchi za Afrika ile ya kupasuka ina sehemu kubwa kuliko Ulaya, jambo linalohusishwa hasa na presha ya juu isiyotibiwa. Kwa mkazi wa Dar es Salaam suala hili liko karibu sana. Utafiti uliofanyika kati ya mwaka 2003 na 2006 jijini humo na katika Wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba baada ya kusawazisha tofauti za umri, Dar es Salaam ilikuwa na wagonjwa wapya wapatao 316 kwa mwaka kati ya kila watu 100,000, ilhali Hai ilikuwa na wapatao 109.

Mwongozo huu unamlenga mtu asiye daktari: mke, mume, mtoto, mpangaji wa chumba cha pili au jirani ambaye atakuwa karibu wakati mgonjwa anapopatwa. Hospitali ina kazi yake, lakini mengi huwa yameshaamuliwa na mtu huyo, kwani mshipa mkubwa wa ubongo unapoziba, seli za neva zipatazo milioni 1.9 hufa kwa kila dakika inayopita. Wakazi wengi wa jiji hulaumu foleni. Kwa maoni yangu foleni hulaumiwa kupita kiasi, maana saa nyingi hupotea sebuleni kabla gari halijawashwa: familia inamsubiri kaka mkubwa arudi kutoka kazini atoe uamuzi, au inasubiri kupambazuke, au inajadiliana kama ugonjwa huo ni wa hospitali au si wa hospitali.

Dalili na namna ya kuzipima

Jambo la kwanza la kuzingatia ni ughafla. Mtu alikuwa anakula, anapiga pasi au anahudumia wateja wake, na ndani ya sekunde au dakika chache kiungo hakimtii tena. Jambo la pili ni upande. Kwa kawaida huathirika upande mmoja wa mwili, kwa sababu nusu ya kushoto ya ubongo huendesha upande wa kulia, na ya kulia huendesha upande wa kushoto. Ganzi ya miguu yote miwili iliyokuja polepole kwa miezi kadhaa, ambayo wagonjwa wengi wa kisukari wanaijua vizuri, ni tatizo jingine linalohitaji daktari kwa utaratibu wake.

Vipimo vitatu vya nyumbani havihitaji kifaa chochote, na vyote kwa pamoja havimalizi dakika moja. Mwambie mgonjwa atabasamu au aonyeshe meno, kisha utazame kama pembe moja ya mdomo imeshuka au upande mmoja wa uso hausogei. Mwambie anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja vikitazama juu, afumbe macho, nawe uhesabu hadi kumi. Mkono unaoshuka wenyewe au unaokataa kuinuka ni dalili. Halafu mwambie arudie maneno anayoyajua, kwa mfano "haba na haba hujaza kibaba", na usikilize kama ulimi umekuwa mzito, maneno yanachanganyika, au haelewi kabisa alichoambiwa. Dalili moja tu kati ya hizo inatosha kumpeleka hospitali. Si lazima awe ameanguka wala kuzimia. Wengi huwa macho kabisa, na baadhi hukataa katakata kwamba wanaumwa, kwa kuwa ubongo ulioumia unaweza kushindwa kuutambua ulemavu wake wenyewe; mgonjwa akikuambia "niacheni nilale, nimechoka tu" huku mdomo umepinda, usimsikilize.

Zipo dalili nyingine ambazo vipimo hivyo havizinasi. Miongoni mwake ni kupoteza uwezo wa kuona ghafla kwa jicho moja au kwa upande mmoja wa macho yote mawili, kuona vitu viwiliviwili, kizunguzungu cha ghafla kinachomfanya mtu ayumbe na kushindwa kutembea, na maumivu makali ya kichwa ambayo hayafanani na aliyowahi kuyapata, yanayofikia kilele ndani ya dakika moja hivi na pengine kuambatana na kutapika. Mtu anayeyumba na kuongea kwa ulimi mzito huonekana mlevi, hasa akikutwa njiani usiku, na ni rahisi akaachwa alale ili pombe imwishe. Hata aliyekunywa kweli anaweza kupata kiharusi, kwani unywaji wa kupindukia ni mojawapo ya visababishi vyake. Kwa hiyo mlevi naye apimwe uso, mikono na maneno kama mtu mwingine yeyote.

Lipo pia shambulio la muda mfupi, ambapo dalili hizo hizo hutokea na kutoweka zenyewe baada ya dakika chache au saa moja. Kundi hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, maana familia humshukuru Mungu, humpa mgonjwa chai na kurudi katika shughuli zake. Ukweli ni kwamba hatari ya kiharusi kamili huwa kubwa zaidi katika saa 48 zinazofuata na katika siku chache za baadaye, na ndicho kipindi ambacho dawa zinaweza kukizuia. Mgonjwa wa namna hii anapaswa kufika hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kwa sasa anatembea na kucheka.

La kufanya dalili zinapotokea

Tazama saa na uiandike. Swali la kwanza la daktari litakuwa ni lini mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho, na uzito wa swali hilo unatokana na dawa ya kuyeyusha bonge la damu, ambayo huingizwa kwa njia ya mshipa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, baada ya picha ya CT ya kichwa, yaani ya mashine ya mionzi inayoonyesha ndani ya ubongo, kuthibitisha kwamba hakuna damu iliyovuja. Mtu aliyelala saa tatu usiku akiwa mzima, akaamka saa kumi na moja alfajiri mkono umelegea, muda wake huhesabiwa tangu saa tatu, isipokuwa kama yupo aliyemwona saa tisa usiku akienda msalani huku anatembea na kuongea vizuri. Taarifa ndogo kama hiyo inaweza kumrudisha ndani ya muda wa matibabu. Ndiyo maana anayepaswa kupanda naye gari ni yule aliyekuwapo, hata akiwa dada wa kazi au mtoto wa sekondari, na mkubwa wa ukoo afuate nyuma na pesa.

Dawa hiyo haipatikani katika kila hospitali, wala si kila mgonjwa anayestahili kupewa. Hata hivyo kuwahi kuna faida nyingine ambazo hazitegemei dawa hiyo: sukari ya damu hupimwa mara moja, kwa sababu sukari iliyoshuka sana inaweza kuiga kiharusi kwa kila hali na hutibika kwa dakika, uwezo wa kumeza hukaguliwa kabla mgonjwa hajapewa chakula, na damu iliyovuja hugunduliwa mapema, ikiwemo ile inayohitaji upasuaji katika mahali kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili, yaani MOI, ambayo licha ya jina lake hutibu pia ubongo.

Swali la wapi pa kumpeleka lisingoje siku ya tukio. Amana, Temeke na Mwananyamala ni hospitali za rufaa za mkoa, na Muhimbili ina hospitali ya Upanga na ya Mloganzila, bila kuhesabu hospitali binafsi kubwa za jiji. Zahanati ya mtaani inaweza kusaidia kama mgonjwa hapumui vizuri, lakini ikiwa haina CT itamwandikia rufaa tu, na rufaa hiyo inaweza kula saa nzima. Watu wote wakiwa wazima, nenda au piga simu katika hospitali mbili zilizo karibu nawe uulize kama mashine ya CT ipo na kama inafanya kazi usiku na siku za mapumziko. Anayeishi Kigamboni aamue mapema ni saa zipi atapita darajani na zipi atategemea kivuko. Wa Bunju, Mbagala au Chanika ajue ni jirani gani mwenye gari anayeweza kuamshwa usiku. Namba ya jirani huyo na ya dereva wa teksi au bajaji unayemwamini ziandikwe mahali ambapo hata mtoto anaweza kuzisoma.

Wakati usafiri unasubiriwa, mlaze mgonjwa kwa ubavu, kichwa kikiwa kimeinuliwa kidogo, ili mate au matapishi yasiingie katika mapafu. Legeza nguo za shingoni. Usimnyanyue kwa kumvuta mkono uliolegea, kwani bega lisilo na nguvu huteguka kwa urahisi na maumivu yake hudumu kwa miezi. Bodaboda haifai hata kidogo, kwa kuwa mgonjwa hawezi kujishikilia. Bajaji inafaa iwapo mtu mmoja atakaa naye nyuma na kumshika. Chukua vidonge vyake vyote pamoja na vyeti vya kliniki, uvitie katika mfuko mmoja.

Usimpe kitu chochote mdomoni: maji, uji, asali wala kidonge. Kiharusi mara nyingi huvuruga kumeza, na nimonia inayotokana na kitu kilichopita njia ya hewa ni miongoni mwa mambo yanayowaua wagonjwa waliokwisha kunusurika na kiharusi chenyewe. Aspirini, ambayo wengi wamesikia kwamba huifanya damu iwe nyepesi, ni hatari iwapo mshipa umepasuka, na hakuna mtu anayeweza kutofautisha aina mbili za kiharusi kwa macho. Vivyo hivyo usimwongezee dozi ya dawa ya presha kwa kuwa mashine imeonyesha namba kubwa. Presha hupanda yenyewe wakati wa kiharusi, na kuishusha kwa ghafla kunaweza kuinyima damu sehemu ya ubongo ambayo ingali inaweza kuokolewa. Kuchoma vidole kwa sindano, jambo ambalo husambazwa sana kwenye simu, hakuna msaada wowote, na kumkanda mafuta ya moto ni kupoteza muda.

Utafiti wa mwaka 2008 uliolinganisha mitazamo ya watu wa Dar es Salaam na wa Hai ulikuta kwamba jijini wengi walikihusisha kiharusi na mashetani na uchawi, ilhali Hai walitaja zaidi presha, vyakula vya mafuta na msongo wa mawazo. Sioni faida ya kubishana na bibi kuhusu majini saa nane usiku. Dua na kisomo vinaweza kufanyika ndani ya gari au kando ya kitanda cha hospitali, na anayetaka kumjulisha shehe au mchungaji ampigie simu akiwa njiani.

Presha ndiyo inayotangulia

Utafiti wa kimataifa wa INTERSTROKE, uliohusisha nchi 32 na ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba mambo kumi yanayoweza kurekebishwa yanahusishwa na takriban asilimia 90 ya viharusi vyote, na presha ya juu ndiyo iliyoongoza kwa mbali. Ugumu ni kwamba presha haiumi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu nusu ya watu wazima wenye presha ya juu hawajui kwamba wanayo, na wanaosubiri kichwa kiume ndipo wapime wanaweza kusubiri hadi siku ya kiharusi. Mtu mzima yeyote apime angalau mara moja kwa mwaka, na aliye na mzazi au ndugu wa damu mwenye presha apime mara nyingi zaidi.

Kupima nako kuna adabu yake, maana namba iliyochukuliwa vibaya humpa mtu hofu isiyo na sababu au utulivu wa uongo. Aliyepanda ngazi, aliyetoka kugombana na kondakta, aliyekunywa kahawa au kuvuta sigara ndani ya nusu saa iliyopita, na aliyebanwa na mkojo, wote watapata namba ya juu kuliko ilivyo. Kaa dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini bila kupishanishwa, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo, na mkanda wa mashine ufungwe juu ya ngozi, usifungwe juu ya shati. Mkono mnene uliofungwa mkanda mdogo husomeka juu. Uliza mkanda mkubwa. Pima mara mbili kwa kupishanisha dakika moja au mbili. Mashine ya kufunga juu ya kiwiko ni ya kuaminika kuliko ya kifundo cha mkono. Namba ya 140 kwa 90 au zaidi, ikijirudia katika siku tofauti, ni presha ya juu. Kwa vipimo vya nyumbani mpaka unaotumika ni 135 kwa 85. Ikifika 180 kwa 120 pamoja na mojawapo ya dalili nilizozitaja hapo juu, hiyo ni dharura.

Dawa za presha hufanya kazi. Uchambuzi wa tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba kuishusha namba ya juu ya presha, ile inayotajwa kwanza, kwa pointi 10 tu hupunguza viharusi kwa zaidi ya robo. Tatizo la hapa kwetu liko katika mwendelezo. Mtu anapewa dawa, anapima baada ya mwezi, anakuta 128 kwa 80, anafurahi na kuacha kwa kuwa "amepona", wakati namba hiyo ni kazi ya kidonge alichomeza asubuhi. Wengine huacha kwa sababu ya fedha, na hao wanastahili kusaidiwa kuliko kukaripiwa: mwambie daktari waziwazi kiasi unachoweza kutoa kwa mwezi, kwani vidonge kama amlodipini na vile vya kuongeza mkojo ni miongoni mwa dawa za presha zenye bei nafuu, na kidonge cha bei ndogo kinachomezwa kila siku kina faida kuliko cha ghali kinachomezwa wiki moja kwa mwezi. Nunua dozi mpya zikiwa zimebaki siku saba, na ukisafiri kwenda mkoani kwenye msiba au arusi beba za wiki ya ziada, maana msiba hauna tarehe ya kurudi. Anayefunga Ramadhani amwone daktari kabla ya mwezi kuandama ili muda wa dawa uhamishiwe kwenye futari au daku. Kujipangia mwenyewe, hasa kwa mwenye kisukari, ni hatari.

Kuna adui mwingine anayeuzwa kihalali. Diklofenaki na ibuprofeni, vidonge ambavyo watu wa jiji humeza kwa ajili ya mgongo na magoti kama vile ni peremende, hupandisha presha na kudhoofisha baadhi ya dawa zinazoishusha. Mwenye presha aulize kwanza, na kwa maumivu ya kawaida paracetamoli kwa kiasi kilichoelekezwa huwa salama zaidi. Mwanamke mwenye presha amweleze pia muuguzi wa uzazi wa mpango, kwa kuwa vidonge vyenye homoni ya estrojeni havimfai na zipo njia nyingine nyingi.

Chumvi inahitaji kutazamwa kwa jicho la hapa hapa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kiasi kinachokaribia kijiko kimoja cha chai, na kiasi hicho kinajumuisha kila kitu kilicholiwa. Ng'onda na papa mkavu vimehifadhiwa kwa chumvi. Viloweke na kumwaga maji kabla ya kupika. Vipande vya kiungo cha supu vina chumvi nyingi, na mpishi akivitumia kisha akaongeza chumvi ya kawaida, mboga inakuwa imetiwa mara mbili. Mihogo ya kukaanga ya Coco Beach, maembe mabichi na chipsi hunyunyiziwa mezani baada ya kuwa tayari, na hiyo ndiyo chumvi iliyo rahisi kuiacha: mwambie muuzaji akutilie pilipili na ndimu peke yake. Utafiti mkubwa uliofanyika Ghana na Nigeria, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta kwamba kuongeza chumvi mezani na kutokula mboga za majani mara kwa mara vyote vilihusishwa na kiharusi. Mchicha, matembele na kisamvu havihitaji kutafutwa mbali.

Kuhusu sigara, mwili kukaa bila kushughulika na kitambi sina la kuongeza zaidi ya yanayojulikana: kuacha tumbaku kunaanza kulipa mapema, na kutembea kwa haraka kwa dakika 30 mara tano kwa wiki kunatosha kuanzia, alfajiri au jioni jua likiwa limepoa. Kisukari kidhibitiwe kwa ukaribu ule ule wa presha.

Vyanzo vinavyosahauliwa

Moyo unaodunda bila mpangilio huacha damu ikituama na kuganda ndani yake, na bonge likitoka hapo huelekea kwenye ubongo. Weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, usikilize kwa nusu dakika. Mapigo yakiwa hayafuati utaratibu wowote, mwone daktari apime moyo kwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo kinachofanyika hata katika hospitali ambazo si za rufaa. Vijana nao hawajaepuka. Maambukizi ya koo ya bakteria yasiyotibiwa utotoni yanaweza kusababisha kuharibika kwa vali za moyo, na ndiyo maana Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete huwapokea wagonjwa wa vali walio na umri mdogo.

Watoto wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu, wanastahili kutajwa peke yao, kwa kuwa Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huo, na kwa kuwa wazazi wengi huamini kwamba kiharusi ni cha wazee. Takwimu za Marekani za kabla ya kinga kuanza kutumika zilionyesha kwamba takriban mmoja kati ya kila kumi wenye aina kali ya ugonjwa huo alipata kiharusi kabla ya kufikisha miaka 20. Kuna kipimo cha mawimbi ya sauti kinachopima kasi ya damu katika mishipa ya ubongo, kinachoshauriwa kwa watoto wa miaka 2 hadi 16, na dawa ya hidroksiurea hupunguza hatari. Mzazi aulize kuhusu vyote viwili kliniki. Mtoto anayeanza kuchechemea ghafla, kudondosha kalamu au kushindwa kutamka asisubirishwe hadi siku ya kliniki.

Aliyekwisha kupata kiharusi mara moja yumo katika hatari kubwa ya kukipata tena, na familia inayomuuguza hujisahau pale anapoanza kutembea kwa mkongojo. Dawa ya presha, ya kuzuia damu kuganda na ya mafuta ya damu, kama alivyoandikiwa, ziendelee bila kukatizwa, na tarehe ya kliniki iwe ya mtu maalumu wa kuikumbuka. Mazoezi ya viungo yaanze hospitalini chini ya mtaalamu wa fiziotherapia, ambaye amfundishe ndugu mmoja namna ya kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda, namna ya kumkalisha wima wakati wa kula, na namna ya kuunyoosha mkono uliolegea bila kuuvuta.